Kiti Kimoja cha Masijala

YAH: UMILIKI WA KITI KIMOJA (1) CHENYE MAGURUDUMU MATANO (5), KILICHOPATIKANA KWA NJIA YA KARATA

Hivyo ndivyo jalada lilivyoandikwa, na aliyeliandika ni Bi Siwema mwenyewe.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, mtandao ulipofika wilayani ukayatangulia maji ya bomba, palikuwa na masijala yenye watumishi watatu na viti viwili na nusu. Hiyo nusu ndiyo aliyoikalia Bi Siwema miaka tisa: kiti kisicho na mgongo, kilichoegemezwa kwa majalada yaliyofungwa. Kiuno kilimuuma tangu asubuhi hadi jioni. Aliomba kiti mara saba, na mara saba akajibiwa kwamba ombi lake linashughulikiwa. Majibu hayo aliyapokea na kuyatunza yeye mwenyewe, maana ndiyo kazi yake.

Basi ikaja Siku ya Michezo ya Watumishi. Waraka ukasema wenye nguvu wavute kamba, na wenye vyeti vya daktari wacheze poka mtandaoni, kila ofisi akaunti moja, kiingilio shilingi mia mbili, ambazo siku hizi hazinunui hata chapati. Mchezo ungefungwa saa kumi na moja kamili, na ofisi yenye kete nyingi za dau ingepewa kiti kipya, cha kuzunguka, chenye mgongo. Bi Siwema aliusoma waraka mara mbili, kisha akaugonga mhuri wa HARAKA.

Mchezo wenyewe ni huu. Kila mtu ana karata mbili za siri, na nyingine tano hufunuliwa mezani kwa wote. Anayejiamini huongeza dau la kete. Anayetaka kuona humfuata, yaani hulipa dau lilelile. Asiyejiamini hutupa karata zake. Na mjanja asiye na kitu huongeza dau vilevile, ili wengine wakimbie. Huo ndio mkwara.

Wa kwanza kushika kipanya alikuwa Mzee Gwakisa, karani mkuu, aliyesoma vitabu viwili vya poka, na kimoja alikimaliza. Akapiga mkwara, wakamfuata. Akapiga mkwara mkubwa zaidi, wakamfuata. Akapiga mkwara wa kitabuni kabisa, ukurasa wa tisini na nne. Wakamfuata watu wanne, mmoja wao akiwa na jozi ya mbili, naye ndiye aliyeshinda. Mzee akalalamika kwamba watu hawa hawana elimu, mwenye akili angekimbia. Kete zikabaki robo.

Muda wote huo Bi Siwema alikuwa akifanya afanyalo mtu wa masijala anapoona asilolielewa: alikuwa akifungua majalada. Kila mpinzani jalada lake, kila dau mstari wake. Baada ya saa moja akayafunga yote.

"Shikamoo tena, Mzee," alisema, kwa kuwa alikuwa anataka kumpinga. "Majalada yote yanasema jambo moja. Mtu aliyelipa mia mbili hakimbii. Amelipa ili aone. Basi tuache mkwara, tungoje karata za kweli, na zikija tuweke dau kubwa. Watatufuata wenyewe."

Mzee Gwakisa akasema hiyo si poka, hiyo ni foleni ya zahanati.

"Foleni ndiyo kazi yangu," akasema Nyangusi, tarishi, ambaye aliwahi kungoja siku nne saini ya bosi aliyekuwa likizo. Akapokea kipanya.

Karata mbovu, akatupa. Karata mbovu, akatupa. Karata nzuri kidogo, akamtazama Bi Siwema; Bi Siwema akatikisa kichwa; akatupa. Ikaja jozi ya ree, karata kubwa kuliko zote, akaweka dau kubwa. Wakamfuata watatu, akawavuna. Kisha akarudi kutupa. Mzee Gwakisa akapiga miayo hadi machozi yakamtoka. Kwa muda wa saa mbili na nusu Nyangusi hakudanganya hata mara moja, na mezani wakabaki wawili: Masijala, na bwana mmoja wa ofisi ya Vipimo.

Zikabaki dakika mbili, mkono wa mwisho, yaani mgao wa mwisho wa karata. Nyangusi alipata ree na mfalme, akaongeza dau, Vipimo akafuata. Mezani zikafunuka karata tano, nne kati yake kopa. Mwenye kopa moja tu mkononi angekuwa na kopa tano, karibu haiwezekani kumshinda. Nyangusi hakuwa na kopa, wala jozi. Kete zilizokuwa katikati zilitosha kuamua mshindi. Akamtazama Bi Siwema.

Bi Siwema alikitazama kile kiti katika picha ya waraka, pamoja na mgongo wake. Kanuni ya kungoja karata za kweli ilikuwa yake. "Tupa," akasema.

Mzee Gwakisa akampokonya Nyangusi kipanya, akasukuma kete zote.

Vipimo akaandika: "Masijala hamjadanganya tangu mchana. Nina jozi ya tisa, naitupa kwa heshima."

Saa kumi na moja ikagonga.

Mkuu wa ofisi akaagiza kila mmoja wa hao watatu aandike madai yake, nakala tatu. Mzee Gwakisa akaandika kwamba aliyechukua ushindi ni yeye, wenzake walikwisha kuutupa. Tena bila hasara yake ya saa ya kwanza, majalada yangejazwa nini? Nyangusi akaandika kwamba Mzee alipodanganya saa ya kwanza hakuaminiwa na mtu. Uongo wake wa jioni ulinunuliwa kwa ukweli wa Nyangusi. Bi Siwema akaandika kwamba ukweli huo ulitoka katika majalada yake. Alipofika pa kueleza mkono wa mwisho, kalamu ikasita. Kisha akaandika: "Mimi nilishauri tutupe," kwa kuwa masijala haifichi karatasi.

Kiti kilifika Jumanne. Kikabandikwa namba ya mali, kikasukumwa katikati ya chumba na nailoni yake, kingoje uamuzi. Na Bi Siwema akalifungua jalada hili akiwa amesimama.

Nami kalamu naiweka chini, mhuri nawaachia ninyi mliosikia. Aliyeigundua njia, aliyeifuata, na aliyeiacha siku ya siku: je, nani akikalie?