Dawa Aliyoiiba Mhando

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mtu.

Mtu akafanya nini?

Akalala mpaka jua likamkuta mdomo wazi.

Basi mwamsheni, maana hadithi hii ni yake. Na wewe Mbwana, unayesinzia hapo pembeni, sogea karibu na moto. Huenda ikawa yako pia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanatusemesha na sisi tuna adabu ya kuwajibu, aliishi bwana mmoja aitwaye Mhando. Mhando hakuwa mtu mbaya. Alicheza ngoma vizuri, alicheka na kila mtu, na mikono yake ilikuwa na nguvu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, nao unaitwa kesho.

Kufagia? Kesho. Kupalilia? Kesho. Kuweka akiba? Kesho kutwa.

Mara moja katika msimu, aibu ikimzidi, Mhando alishika jembe na kulima kutwa nzima, tangu alfajiri mpaka popo wanatoka. Kijiji kizima kilimsikia akihema. Halafu alilala siku nyingi akilalamika mgongo, na kila aliyepita alihadithiwa habari za ile siku moja. Magugu hayakuhadithiwa, kwa hiyo yaliendelea kuota.

Mkewe, Mwajabu, alivumilia. Akavumilia tena. Mara ya tatu alikunja mkeka wake, akauweka kichwani.

"Mume wangu, sikuchukii," akasema. "Nina njaa. Narudi kwa baba. Mahindi yakianza kubeba, wakati ambao kila nyumba imekaukiwa, baba atakuja hapa na mbuzi wa mahari uliyotoa. Akikuta nyumba hii ina akiba ya chakula, atarudi na mbuzi wake, na mimi nitabaki. Asipoikuta, atakuachia mbuzi."

"Na wewe?"

"Mimi sitakuwa wako tena."

Mhando alilia, na siyo kwa kujionyesha. Alimpenda Mwajabu. Usiku nyumba ilikuwa kubwa mno, na pale mkeka ulipokuwa ukitandikwa palibaki alama ya vumbi tu.

Sasa, jirani yake alikuwa mjane mmoja, Bi Siwatu. Mguu mmoja ulimuuma, mwili mwembamba, mtoto wa kumsaidia hana. Lakini ghala lake halikuwahi kuwa tupu. Mhando akamtazama, akajitazama. Akasema, "Mimi nina miguu miwili mizima. Huyu mama ana dawa."

Mnacheka. Mngekuwa nyinyi mngesema vivyo hivyo.

Akaenda kwa mganga. Mganga wa siku hizo alikuwa Kicheche, yule mnyama mdogo wa mistari mgongoni, aliyekaa ndani ya kichuguu na kuvaa shanga tatu shingoni.

"Hodi, mganga."

"Umekuja na kuku?"

"Nimekuja na kuku."

"Basi karibu."

Kicheche alitikisa shanga, akafumba jicho moja. "Dawa ya yule mama ni kile anachokishika kabla jua halijachomoza. Kachukue. Lakini ukishakipata usikitumie. Kifiche uvunguni, ukilalie."

Alfajiri Mhando akajibanza nyuma ya mgomba. Bi Siwatu akatoka, akashika ufagio wa chelewa, akafagia uwanja wake akirudi kinyumenyume, mpaka mchanga ukabaki hauna hata alama ya mguu wake mwenyewe. Alipokwenda kisimani, Mhando akaubeba ufagio. Akauweka uvunguni, akaulalia. Hapakutokea kitu.

Akarudi kwa Kicheche. Umekuja na kuku? Nimekuja na kuku. Basi karibu. "Dawa imehamia kwenye kitu kingine," akasema Kicheche. Alfajiri Bi Siwatu alishika jembe, akapalilia tuta moja, akaliacha jembe ukutani, akaenda kisimani. Mhando akalichukua jembe. Akalificha, akalilalia. Hapakutokea kitu ila kuumwa ubavu.

Akarudi mara ya tatu. Umekuja na kuku? Nimekuja na kuku. Basi karibu. Alfajiri Bi Siwatu alimimina mtama wa kupika kwenye ungo. Kabla hajawasha moto alichota konzi moja, akairudisha kwenye chungu cheusi chenye ufa. Alipokwenda kisimani, Mhando akakibeba chungu pamoja na mtama uliokuwamo.

Na kuku wake? Watatu alikuwa amewapeleka mwenyewe. Wengine walikuwa wakipotea bandani, leo mmoja, kesho mmoja, asijue waendako. Uwanja wake ulikuwa umejaa majani, hata tembo angepita asingeacha alama.

Asubuhi hiyo mlangoni pakapigwa hodi.

"Karibu. Shikamoo, Bi Siwatu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuazima ufagio. Wangu umepotea." Akatupa jicho uvunguni. "Naona unao. Na jembe unalo. Na chungu."

"Hivi..." Mhando akausukuma ufagio ndani kwa kisigino. "Hivi aliniachia marehemu bibi yangu."

"Bibi yako alikuwa na bahati ya ajabu. Hata chungu chake kimepasuka pale pale kilipopasuka changu nilipokiangusha."

Mhando akapiga magoti. Akasema yote: kesho, mkeka, mbuzi, Kicheche. Bi Siwatu alikuwa amekuja na maneno makali ya kutosha kijiji kizima, na fimbo alikuwa nayo. Lakini aliiona ile alama ya vumbi sakafuni, na hasira zikamwisha. Akaketi juu ya kinu.

"Dawa ipo," akasema. "Ila wewe umeiiba bila masharti yake. Na dawa bila masharti ni mti tu."

"Nipe masharti, mama. Nitayashika."

"Ufagio: jua lisikute jani uwanjani kwako. Fagia kinyumenyume, usiache alama. Jembe: tuta moja kila siku. Siyo mawili, hata ukiwa na nguvu. Ukizidisha, dawa inaharibika. Na jembe ni langu, ninalo hilo moja tu, kwa hiyo uniletee kabla umande haujakauka, jioni uje ulichukue tena. Chungu: kila unapopika, konzi moja inatoka kwenye chakula chako na kuingia chunguni kabla ya kuwasha moto. Konzi iliyoingia haitoki."

"Na nikiruka siku?"

"Ukiruka moja, kesho yake amka. Usiruke mbili. Ukiruka mbili, dawa inakusahau."

"Nitajuaje kama imefanya kazi?"

"Vitasema. Ufagio utasema, jembe litasema, chungu kitasema. Kazi yako ni kusikiliza." Akamimina mtama wake kwenye upande wa kanga. "Mtama wangu naondoka nao. Chungu nakuachia, na ufagio pia; nitafunga mwingine."

Basi alfajiri iliyofuata Mhando aliamka. Alifagia kinyumenyume huku macho yamefumba nusu, akiimba:

*Ufagio, ufagio, sema nisikie,*
*Mke wangu yuko kwao, vipi arejee?*

Ufagio kimya. Akapalilia tuta moja. *Jembe, jembe, sema nisikie.* Jembe kimya. Akaweka konzi moja. *Chungu, chungu, sema nisikie.* Chungu kimya kabisa.

Siku ikapita, na nyingine, na nyingine. Mhando akachoka kusubiri. Akasema, "Labda dawa inataka moto zaidi." Siku hiyo akapalilia matuta matano. Kesho yake mgongo ukamlaza, na umande ukakauka jembe likiwa bado kwake.

Bi Siwatu akaja akichechemea. "Nilikwambia tuta ngapi?"

"Moja, mama."

"Umelima mangapi?"

"Matano."

"Na leo?"

"Leo hakuna."

"Hesabu mwenyewe dawa imepotelea wapi." Akachukua jembe lake, akaenda zake.

Mhando akaamka siku iliyofuata. Hakuruka mbili. Na ikafika wakati, hata yeye hakujua lini, miguu ikawa inashuka kitandani kabla yeye hajaamua.

Asubuhi moja alipofungua mlango akaona kitu mchangani. Uwanja alioufagia jana ulikuwa umechorwa vinyayo vidogo vyenye kucha, kutoka banda la kuku mpaka njiani, na kando yake mstari wa bawa lililoburutwa. Mhando akasimama na ufagio mkononi. Ufagio ulikuwa umesema.

Akavifuata vinyayo. Vikapita mgombani, vikapita kisimani, vikaishia kwenye kichuguu. Kicheche alikuwa amekaa mlangoni na unyoya mdomoni.

"Umekuja na kuku?" akauliza kwa mazoea.

"Safari hii kuku amenitangulia," akasema Mhando.

Kicheche akautema unyoya. "Usinielewe vibaya. Nilikuwa nawapima homa."

"Na ndiyo maana uliniambia nifiche ufagio uvunguni?"

Kicheche akajibu kwa harufu yake. Aliinua mkia, akaiachia, akakimbia na shanga zake, na mpaka leo anatembea peke yake kwa sababu ya siku hiyo. Mhando alinuka siku kadhaa, lakini kuku hawakupotea tena. Wakataga, wakaangua. Mayai akabadilishana na majirani kwa mtama, na katika kila mtama aliopika, konzi moja iliingia chunguni.

Mahindi yakaanza kubeba. Huo ndio wakati tumbili hushuka kutoka mlimani. Mhando alikuwa katikati ya shamba, ameinamia tuta lake la siku, aliposikia sauti juu ya mti.

"Shamba la Mhando leo?" akauliza tumbili mkubwa.

"Kuna mtu," akajibu mdogo wake.

"Jana?"

"Kulikuwa na mtu."

"Juzi?"

"Kulikuwa na mtu."

"Haya, jamaa zangu, twendeni kwa wanaolala."

Matawi yakatikisika, wakaondoka. Mhando akalitazama jembe. Jembe nalo lilikuwa limesema.

Bado chungu. Mhando hakukifunua. Kila alipotia konzi aliinua kifuniko kidogo tu, akageuza uso, kwa hofu ya kukuta ndani hamna kitu. Ule ulikuwa mwezi wa njaa. Kila nyumba watu walikuwa wakikung'uta magunia.

Wakaja. Baba yake Mwajabu mbele, mzee mfupi mwenye uso uliofungwa, anavuta mbuzi kwa kamba. Mwajabu nyuma, mkeka kichwani. Bi Siwatu naye akaja kusimama mlangoni, kwa sababu jirani ni jirani.

Mzee akautazama uwanja. Akalitazama shamba. Akaingia ndani, akakisogelea chungu, akakunja kidole.

"Chungu tupu hulia *ngee*," akasema. "Nakijua."

Mhando akafumba macho.

Mzee akagonga. *Ndu.*

Akakunja uso, akagonga upande wa pili. *Ndu.*

Akagonga juu, karibu na shingo ya chungu. *Ndu.*

Akafunua. Mtama ulikuwa umefika mdomoni, na punje chache zikamwagika sakafuni.

"Nani amekujazia?" akauliza Mwajabu.

"Dawa ya Bi Siwatu," akasema Mhando, machozi yakimtoka. "Ufagio ulisema, jembe likasema, sasa chungu kimesema. Mama, leo niambie. Ndani ya vitu hivi ulitia mti gani?"

Bi Siwatu akacheka mpaka akashika mguu wake. "Ufagio ni wa chelewa, mwanangu, niliufunga mwenyewe. Jembe ni butu. Chungu kina ufa. Mti haumo hata mmoja. Dawa ilikuwa masharti."

Mhando akaitazama mikono yake.

"Kumbe nimejiagua mwenyewe," akasema.

Mgeni yuko nyumbani, na mgeni hupikiwa. Mwajabu akamimina kwenye ungo mtama wa siku hiyo, uliobadilishwa kwa mayai, akapanga kuni, akainama kupuliza kaa la moto. Kabla hajapuliza, mkono wa Mhando ukapita mbele yake, ukachota konzi moja kutoka kwenye ungo, ukaitia chunguni. Alifanya hivyo bila kufikiri, huku anaongea na mkwewe habari za mbuzi.

Mwajabu aliuona mkono huo. Akainuka, akautwaa mkeka wake, akautandika juu ya ile alama ya vumbi.

Mzee akarudi kwao na mbuzi wake, akinung'unika njia nzima kwamba kamba imemchubua bure.

Ngano yangu nimeifagia kinyumenyume mpaka mlangoni, mwenye kuona alama na aifuate. "Haba na haba hujaza kibaba" nyote mnaijua, lakini mnaijua kwa mdomo. Mhando aliijua kwa mkono. Kazi kubwa ya siku moja humpa mtu mgongo wa kulalamikia, na kazi ndogo ya kila siku humrudishia mke.

Mnauliza ule ufagio uko wapi? Niliurithi mimi. Upo nyuma ya mlango huu huu, na alfajiri hii utamwita mtu kwa jina. Mimi nimeshauambia jina lenyewe.

Lala salama, Mbwana.