Upupu wa Bi Mwajabu

"Mbwa akijikuna, kung'uta gunia." Mmeisikia mkacheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Ilitoka hapa hapa uani, na laiti aliyeisababisha angekuwa babu wa watu wengine.

Babu yenu Semboja alikuwa na mbwa mwekundu wa kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Siku hizo mtu akimchukia jirani hakumtukana. Alifuga mbwa, akampa jina la kumchoma jirani, kisha akamwita kwa sauti kila jioni. Wetu aliitwa Wanaona-Wivu. Na jirani tuliyekuwa naye ni mmoja tu, Bi Mwajabu, mjane asiye na mtoto, basi jina lote likawa lake. Akianza kutwanga, Semboja husimama uani: Wanaona-Wivu, njoo ule! Na siku nyingine hicho chakula chenyewe hakipo.

Masika yalipoisha, mbwa akaanza kujikuna. Alijitafuna karibu na mkia mpaka manyoya yakanyonyoka, ngozi ikawa mbichi. Semboja alimtazama mbwa siku mbili. Ya tatu akaanza kutazama ng'ambo ya ua, maana aliyechokoza hungoja kulipwa. Akaona Bi Mwajabu kajifunga kitambaa mkononi. Akaona hamsalimu, akasahau kwamba yeye ndiye aliyekata salamu mwaka uliopita. Mwisho akauona upupu umetambaa kwenye ua, upande wa yule mama. Basi, kesi imekamilika. Akaapa kwamba mbwa anamwagiwa upupu, tena upupu uliosomewa. Mimi nikaitikia. Mke mpya haitikii nini?

Akampaka mbwa oili chafu ya trekta. Mbwa akalia, akarudi kujikunja kwenye gunia lake, na asubuhi kazidi kujikuna. Semboja akaona huo ndio ushahidi: dawa haishindi uchawi. Akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Msicheke hapo. Mjane akishaitwa mchawi hakai. Bi Mwajabu angeacha nyumba na shamba, na hakuwa na pa kwenda.

Kikao kiliitwa uani kwetu. Bahati, siku hiyo bwana mifugo alikuwa anapita kuchanja mbwa, wazee wakamwomba amtazame mgonjwa kwanza. Akapekua manyoya karibu na mkia, akatoa chenga nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Akaomba kitambaa cheupe. Hakikupatikana, akamvua Semboja kofia yake nyeupe, akailowesha, akazifikichia chenga juu yake. Kofia ikawa nyekundu.

"Hii ni damu," akasema. "Mavi ya kiroboto."

"Mbona simwoni huyo kiroboto?" Semboja akauliza, macho kwa Bi Mwajabu.

"Mmoja anatosha. Mbwa mwingine akiumwa hujikuna akasahau. Mwili wa huyu haupatani na mate ya kiroboto, unawaka wote. Analala wapi?"

Semboja akalileta gunia, akalikung'uta mbele ya watu ili waone halina kitu. Kisha akainua mguu mmoja akaukuna. Akainua wa pili. Akaingiza mkono ndani ya shuka.

Bi Mwajabu akafungua kitambaa mkononi. Kidonda cha uji wa moto.

"Mwanangu Semboja," akasema, "na wewe nimekumwagia upupu?"

Mwenyekiti alijaribu kufunga kikao kwa heshima, akashindwa kwa kicheko.

Gunia tulilichoma, sakafu tukaimwagia maji ya moto, mbwa akaogeshwa kwa dawa ya bwana mifugo. Bi Mwajabu mwenyewe alikuja na maji baridi na kitambaa, akamkanda mbwa ile ngozi iliyowaka. Ila alikuja kila jioni, akasimama pale pale uani, akaita kwa sauti ya kufika barabarani: "Wanaona-Wivu, njoo nikukande!" Na babu yenu kajifungia ndani.

Gunia lilitoka wapi? Banda la kuku. Kuku wa nani? Walikuwa wangu, na gunia nililitoa mimi, viroboto na vyote, kwa kumhurumia mbwa asilale chini. Siku ile nilitazama mawingu, hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo, kalamu hiyo mnayosema kaiba mtoto wa jirani, nendeni kwanza mkapekue mikoba yenu. Mbwa akijikuna, kung'uta gunia.