Maksai Mkongwe wa Bugoro

"Maksai mkongwe hafungwi alime, hufungwa afunze." Ndivyo alivyofoka yule shabiki jukwaani, nanyi mkacheka mkidhani anamtukana mchezaji wenu mkongwe. Haya, kaeni. Wewe mwenye mpira, acha kuudunda, unanipigia kelele. Methali hii ina wenyewe, na ilianza hivi.

Bugoro palikuwa na timu ya mpira wa kikapu iliyowahi kutikisa kanda nzima. Kisha wakongwe wake wakaondoka mmoja mmoja, huyu kazi, yule goti, wakabaki vijana watupu. Kocha wao alikuwa Minza, binti wa Mzee Luhende, mkulima wa pamba wa ng'ambo ya bonde. Msimu wa kwanza wa vijana wale ulikuwa aibu tupu. Uongozi ukamwambia Minza waziwazi kwamba wakishuka daraja msimu ujao, timu inavunjwa. Minza hakuwa na mtoto. Watoto wake walikuwa hao, aliwajua hata kwa mlio wa viatu, na kuvunjwa kwa timu kwake kungekuwa msiba.

Ndipo timu moja ya mjini ikaleta neno. Walimtaka Sagali, kijana mrefu kuliko wote Bugoro, aliyeruka hadi watu wakashika vichwa. Badala yake wangemtoa Balele. Balele nani? Nyie hamkumwona! Zamani huyo akishika mpira, hata muuza karanga aliacha karanga zikaungua. Lakini sasa alikuwa na mvi kidevuni, na kabla ya mechi alijifunga magoti kwa bendeji kama mtu anayefunga mzigo wa safari.

Mji ukagawanyika. Wengi walisema, "Anatoa chuma, anachukua kutu." Minza akashindwa kuamua, akaenda kwa baba yake. Akamkuta shambani, naye katoka kufanya mabadilishano ya ajabu: katoa fahali kijana mwenye shingo nene, kachukua maksai mzee, mbavu nje.

Minza akacheka. "Baba, safari hii umepigwa!"

"Maliza kucheka, kisha uje ushike plau."

Kando ya yule maksai mzee lilifungwa dume jingine changa lisilowahi kuonja nira. Likaruka, likavuta kulia, likapiga mateke. Maksai akasimama tu, kimya, mpaka likachoka. Kisha akapiga hatua, nalo likapiga. Walipofika mwisho wa shamba, bila kiboko wala neno, maksai akageuka, na dume likageuka naye. Minza akaachia plau, mwili ukimsisimka. Alikulia katikati ya ng'ombe, lakini jambo hilo hakuwahi kulitazama sawasawa.

Kesho yake akakubali. Sagali akaondoka akilia, Balele akaja na begi moja.

Na hapo, wajukuu zangu, ndipo Minza alipokosea. Kila mpira, Balele. Kila shambulio, Balele. Vijana wakawa wanampa, kisha wanasimama kumtazama kama wageni harusini. Akafunga vikapu vya kustaajabisha, mechi mbili tatu, halafu magoti yakakataa. Wakapigwa mfululizo. Mashabiki wakawa wanamzomea: "Babu, nenda kalale!"

Siku moja Mzee Luhende akaja uwanjani, mara yake ya kwanza kuuona mchezo ule. Hata sheria hakuzijua. Vijana walipofungwa, akamfuata binti yake.

"Yule mkubwa wenu anachoka bure," alisema. "Mimi nilikuonyesha ng'ombe anayefunza, wewe umekwenda kumlimisha. Maksai mkongwe hafungwi alime, mwanangu. Hufungwa afunze."

Minza akainamisha kichwa. Baba yake alikuwa amesema kweli.

Balele alipoambiwa maneno hayo, na kisa chote cha shambani, hakuudhika. Alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu hapo akapangwa bega kwa bega na Nkwabi, kijana mwenye mbio na pupa. Nkwabi akitaka kukimbia ovyo, Balele anamwambia, "Bado." Nafasi ikifunguka, "Sasa." Maneno mawili hayo tu, kutwa, mpaka Nkwabi akamchukia. Wakaendelea kufungwa, ila kwa vikapu vichache. Kisha wakaanza kushinda. Ikabaki mechi ya mwisho: wakishinda wanabaki, wakishindwa timu imekufa. Na wapinzani walikuwa nani? Wale wale waliomchukua Sagali.

Aliruka huyo mtoto siku ile, aliruka! Mchezo ukielekea ukingoni, Bugoro wako nyuma kwa kikapu kimoja. Uwanja mzima ukaliita jina la Balele, hata wale wa "kalale." Balele akatembea taratibu hadi kwenye benchi.

"Kocha, nifungue."

"Kaka Balele, una wazimu? Sasa hivi?"

"Nifungue nira, Minza. Wamefika mwisho wa shamba. Waache wageuke wenyewe."

Minza akamtazama baba yake jukwaani. Mzee hakumpa ishara yoyote. Basi, akamtoa Balele.

Nkwabi akashika mpira, Sagali akamjia juu. Na Nkwabi, ambaye tangu azaliwe hajui kungoja, akasimama. "Bado," akasema. Wenzake wanne wakaitikia, "Bado," kwa sauti ile ile ya Balele, nzito, ya kifuani. Jamani! Balele yuko benchi, na akina Balele watano wako uwanjani. Minza malaika ya mikononi yakamsimama. "Sasa!" Pasi, pasi, pasi, Sagali hajui ageukie wapi, kikapu! Wakaunyakua mpira tena. Bado. Bado. Sasa! Kikapu cha pili, na filimbi ikalia.

Kelele zikapasuka, wengine mikono kichwani. Minza akageuka amkumbatie Balele. Alimkuta anafungua bendeji zake polepole, machozi yakimdondokea mikononi.

"Umeona, Minza?" alisema. "Wamegeuka wenyewe."

Hakucheza tena baada ya siku ile, wala hakuna aliyemwomba acheze. Basi yule shabiki mliyemcheka leo hakuwa anamtukana mtu. Alikuwa anamkumbusha kocha wenu: maksai mkongwe hafungwi alime, hufungwa afunze.