Sifa za Mfalme Tandawala

Alikuwapo mfalme mmoja, Tandawala, ambaye askari wake walipiga kambi katika kila nchi jirani, wakila ng'ombe wa watu na kusema ni zawadi. Siku moja aliwakusanya wajumbe wa nchi hizo akawauliza, "Huko kwenu wananionaje?"

"Baba wa mataifa!" wakajibu wote, vichwa chini.

Bi Mize, muuza vitumbua aliyetumwa na nchi ndogo ya Mbirizi, akaangua kilio.

"Unalia nini, mama?" mfalme akauliza.

"Uchungu, bwana mkubwa. Sisi tunakupenda, lakini watu wa ng'ambo wanatucheka. Wanasema tunakupenda kwa sababu ya mikuki iliyo shingoni mwetu. Nimebishana nao mpaka sauti imenikauka."

Mfalme akavimba. "Mimi nipendwe kwa mikuki?"

"Ndivyo wasemavyo. Hata wafalme wenzako wanakucheka wakiwa mezani."

"Nitawafunga vipi midomo?"

"Mambo ya wafalme mimi nitayajulia wapi? Ila askari wakiondoka Mbirizi, nasi tukazidi kukusifu, watasema nini tena?"

Kesho yake askari wakafunga virago.

Baada ya mavuno, mfalme alimtuma tarishi Mbirizi akasikilize sifa zake. Tarishi alikuta ukuta mpya, lango limefungwa, na wapiga mishale wamejipanga juu. Ndani watu walikuwa wakiimba jina la Tandawala kwa vigelegele.

"Fungueni!" akaita.

Bi Mize akachungulia. "Mwambie mfalme ahadi tumeitimiza. Tunamsifu kutwa kucha, kwa kuwa ameondoka."