Pumba Katikati ya Rundo

Kaeni vizuri, wasomi wangu. Shule niliiacha darasa la sita, ila mkilifumbua fumbo langu hili, soda nanunua mimi. Sina wasiwasi, hela itabaki mfukoni.

Mbalizi palikuwa na kampuni ya mpunga, na watu watatu wenye vipaji. Gwakisa, kuli, alikuwa na mabega. Sekela, mwanahisa, alikuwa na mdomo. Ambakisye, mkaguzi wa hesabu, alikuwa na saini: akisaini tu, watu wanaleta akiba zao. Na aliyemchagua na kumlipa ni bosi yuleyule anayekaguliwa! Kila mwaka alilitazama rundo la magunia kwa nje, akala pilau ya bosi, akasaini.

Siku moja Gwakisa akavuta gunia la ndani. "Mbona jepesi hili?" Akalipasua. Pumba! "Jamani, njooni muone!" Rundo likamwangukia. Tulimzika Jumapili.

Sekela akasimama kwenye mkutano wa wanahisa.

"Bosi, Gwakisa kafa chini ya mpunga au chini ya pumba?"

"Kaa chini, dada."

"Nikae, na kiinua mgongo chote cha mama kiko humu?"

Walimtoa kwa kumburuta, lakini kelele zake zilifika serikalini. Akiba haikurudi. Mama yake mpaka leo anauliza mpunga utauzwa lini.

Bosi akashtakiwa, akajitetea kwa saini ya mkaguzi. Hapo Ambakisye akasimama mahakamani, wanawe wanamtazama. "Nilisaini bila kupanda rundo. Ningemkagua vipi anayenilisha?" Wakafungwa wote wawili.

Sheria ikabadilika. Kampuni haijichagulii mkaguzi tena. Anapangwa na baraza la serikali. Na humo barazani kiliwekwa kiti kimoja cha mtu aliyesababisha sheria hiyo.

Ambakisye alipotoka jela, wanaokidai kiti hicho wakakutana. Tumpale, mjane wa Gwakisa, akasema, "Mume wangu hayupo. Nitakikalia mimi badala yake."

"Pole, dada yangu," akasema Sekela, "lakini bila mdomo wangu angezikwa na siri yake."

Ambakisye akainama. "Bila mimi bosi angeshinda kesi. Na anayejua mkaguzi ananunuliwaje ni mimi."

"Kaka," Tumpale akamjibu, "ungepanda lile rundo mwaka mmoja tu, mume wangu angekuwa hai."

Wakaachana bila kukubaliana. Kiti kiko kitupu hadi leo.

Mbona mmenyamaza, wasomi? Soda tuiache. Wewe hapo, ungemkalisha nani?