Kiboko Aliyetaka Kufaulu Peke Yake

"Haya, paukwa!"

"Pakawa!"

"Nimeona kitu."

"Tupe macho nasi tuone!"

Basi nikaona chuo kikuu cha wanyama, kule mbugani, na katikati yake bwawa la maji matamu. Anayefaulu mtihani anabaki na kunywa bwawani. Anayefeli anadisko: anafungasha virago, anarudi kwao kwenye ukame. Na mtihani wa Profesa Korongo, jamani, ulikuwa wa kujibu kwa mdomo mbele ya wote! Wanafunzi walitetemeka mpaka kwato zikagongana, ka-ka-ka.

Lakini alikuwapo Pimbi. Mfupi, hana hata mkia, ila kichwani zimo! Mwaka wa tatu huyo, na kila jioni aliwapigia pindi za masomo wadogo zake wa mwaka wa kwanza pale jabalini. Digidigi alikuja analia, akaondoka anacheka.

Kiboko naye alikuwa mwaka wa kwanza. Akawaza: nikifaulu peke yangu, hawa wote watadisko, na bwawa lote litakuwa langu. Ona tamaa hiyo! Akapanda jabalini, puu, puu, puu, akamwambia Pimbi, "Kuanzia leo unaninoa mimi tu. Sikio lingine likisikia somo kutoka kwako, nitakalia mlango wa pango lako nawe umo ndani."

Kando ya Pimbi, Digidigi akaanza kulia, maana kwao hakukuwa na hata tone la maji. Pimbi akamtazama Digidigi. Kisha akamtazama Kiboko, tumbo lile, mdomo ule. Hasa mdomo.

"Sawa, mkubwa," akasema. "Nitakunong'oneza wewe tu. Lakini elimu huingia sikio hili ikatokea lile. Dawa yake ni kuikariri papo hapo kwa sauti, kwa nguvu zako zote. Ukikariri kidogo, itabaki kidogo."

Na Kiboko kidogo hakitaki, anataka chote!

Asubuhi Pimbi akapanda mgongoni kwa Kiboko mle bwawani, akanong'ona, psi-psi-psi. Kiboko akapanua mdomo.

"Hoo! Mto hupinda kwa sababu ukingo mmoja hulika kuliko mwingine! Hoo!"

Ndege wakaruka, pururu! Ng'ambo ya bwawa Digidigi akatega sikio.

Kesho yake tena, psi-psi-psi.

"Hoo! Ukifyeka majani ya mlimani, mvua hubeba udongo wote! Hoo!"

Swala akatega sikio. Ngiri akatega masikio yote mawili. Ikawa hivyo kila asubuhi, Pimbi ananong'ona, Kiboko ananguruma, na ukingo mzima unajaa wanafunzi waliojilaza kimya nyuma ya matete.

Siku ya mtihani ikafika. Kiboko akajibu wa kwanza, akafaulu, akakaa pembeni akisubiri wenzake waanguke. Akaitwa Digidigi, Profesa akamuuliza kwa nini mto hupinda.

"Hoo!" akasema Digidigi. "Ukingo mmoja hulika kuliko mwingine. Hoo!"

Maskini, alidhani ile hoo nayo ni sehemu ya somo. Swala naye, hoo! Ngiri naye, hoo! Wote wakafaulu, hakuna aliyedisko hata mmoja!

Kiboko akaruka juu, akamkabili Pimbi, akidai amevunja ahadi. Pimbi akajibu taratibu, "Mimi nimekunong'oneza wewe tu. Waulize nani kawafundisha."

"Ni wewe, Mwalimu Kiboko," wakajibu wote.

Profesa Korongo akafurahi mno. Palepale akamteua Kiboko mkufunzi wa chuo, awe anawafundisha wenzake kila asubuhi, bwawani humohumo, maji yakiwa ya wote. Kiboko akazama, blu-blu-blu, yakabaki masikio tu. Na Digidigi akainama, akanywa mpaka akatosheka.

Hadithi yangu nimeifikisha majini. Mwenye kiu anywe, asiye na kiu akasome.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukipata elimu, wanyime wenzako. Wanyime kila asubuhi, tena kwa sauti kubwa.