Mbwa Aliyelilia Mlango

Uuuuuuu!

Mmesikia? Sauti moja tu, usiku, ndefu kama njia ya kisimani. Kabla sijawaambia ni ya nani, nijibuni.

Mpo?

— Tupo!

Masikio yapo?

— Yako wazi!

Nikitoka?

— Utarudi!

Basi twende pamoja. Hapo kale, kale ya kale, kulikuwa na kijiji cha wafinyanzi huko milimani. Wanawake wa kijiji hicho walichimba udongo bondeni, wakafinyanga vyungu na mitungi, wakavichoma kwa moto wa magome.

Walikuwa na desturi yao. Chungu kikitoka motoni kiligongwa kwa kidole. Kikilia ngooo, ni kizima, kinapewa jina. Kikilia kwe, kina ufa, kinatupwa jalalani. Mbuzi vilevile, paka vilevile: hakupewa jina mpaka ajulikane ni mzima. Kwa maana ukishakipa kitu jina, ni chako. Huwezi tena kukitupa.

Katika kijiji hicho aliishi Nakunda, mwanamke aliyekaa peke yake na mbuzi mmoja, paka mmoja na kuku mmoja. Usiku mmoja wa mvua yeye ndiye aliyesikia ile sauti. Akafungua mlango. Akamwona mbwa amelowa, mbavu zinahesabika.

"We nani?" akauliza.

"Mbwa."

"Hilo naliona. Mbwa wa nani?"

"Wa watu waliohama. Walibeba vitanda, wakabeba vigoda, wakabeba hata jiwe la kusagia. Mimi waliniambia, kaa hapo, tunarudi sasa hivi."

"Lini hiyo?"

"Masika mawili yamepita."

Nakunda akamwingiza ndani. Akamkausha kwa kanga yake kuukuu, akampa uji. Mbwa alipomaliza kuramba bakuli akainua macho. "Na mimi hapa naitwa nani?"

Jina lilikuwa tayari. Lilimjia Nakunda palepale, likamkaa chini ya ulimi. Lakini desturi ni desturi.

"Bado," akasema. "Kwa sasa unaitwa We."

Asubuhi Nakunda akachukua kikapu, akaenda kuchimba udongo. Mlango ulipofungwa tu:

Uuuuuuu!

Mbwa akaruka huku, akaruka kule. Akakwaruza mlango. Akapindua vyungu vibichi vitatu, vikawa matope. Majirani wakaacha kazi zao. Mzee Senkondo, wa nyumba ya pili, akamkuta Nakunda njiani anarudi mbio.

"Mama, nani amefariki kwako?"

"Hakuna aliyefariki, mzee. Ni mbwa."

"Mbwa! Nami nimeshabeba mkeka wa matanga!"

Siku ya pili ikawa hivyo. Siku ya tatu ikawa hivyo, na watoto wachanga wa kijiji kizima wakaamka wakalia naye. Jioni watu wakakutana, na Mzee Senkondo akasema: "Nakunda, hatukuchukii, wala hatumchukii mgeni wako. Lakini baada ya siku ishirini na moja mwezi utakuwa mpevu, na wenye nguvu wote mtakwenda gulio kubwa kuuza vyungu. Huku tutabaki sisi wazee na wachanga. Mbwa huyu akilia siku hiyo, arudi porini alikotoka."

Nakunda akarudi nyumbani ameinamisha kichwa. Asipokwenda gulio, atakula nini mpaka mavuno? Akienda, mbwa atalia. Na akilia, ndiyo basi.

Mbuzi akamsikia akiguna. "Mmeee! Jambo dogo hilo. Mfunge kamba. Mimi nimefungwa kamba miaka minne, na ona nilivyonenepa."

Nakunda akamfunga mbwa kamba, akatoka. Mbwa akaitafuna kamba ikakatika. Uuuuuuu! Vyungu vitano chini.

Paka akajinyoosha juu ya jiko. "Kamba ni ushamba. Toka kimyakimya, dada. Mimi nikitoka nyumba hii, nani hujua?"

Nakunda akamwekea mbwa ugali. Mbwa alipoinamisha kichwa kula, yeye akanyata akatoka. Mbwa akamaliza ugali, akainua kichwa. Hakuna mtu! Uuuuuuu! Vyungu saba chini. Tena toka siku hiyo mambo yakazidi. Mbwa akaogopa hata kuinama kula. Nakunda akisimama, naye asimame. Nakunda akienda chooni, naye chooni, amekaa nje anapumua chini ya mlango.

"We, hata huku?"

"Hata huko. Nani ajuaye utatokea wapi?"

Nakunda akaketi kizingitini, akalia kidogo. Mara kutoka pembeni, ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, akasikia: "Kwekwekwe! Punguza sauti. Kuna watu wamelala humu."

Alikuwa Kuku, analalia mayai kumi na moja.

"Kuku, dada yangu, siku yako ya ngapi hapo?"

"Ya tatu."

"Na huondoki?"

"Nani kasema siondoki? Nife njaa? Natoka, nadonoa, nakunywa, narudi kabla mayai hayajapoa. Lakini sitoki kesho nikarudi mwezi ujao! Hebu niambie wewe fundi. Chungu ukikimaliza kufinyanga, unakitia motoni siku hiyohiyo?"

"Hapana! Kitapasuka!"

"Unakifanyaje?"

"Nakiweka kivulini kwanza. Halafu jua la asubuhi. Halafu jua lenyewe. Moto ndio wa mwisho."

Kuku akamtazama kwa jicho moja. Kisha akamtazama kwa la pili.

Nakunda akajipiga kofi la paja. "Jamani! Mbwa mbichi nimemtia motoni siku ya kwanza!"

"Mimi sijasema kitu," akasema Kuku, "umesema mwenyewe. Ila usimtoroke kama paka. Wala usimdanganye kuwa unarudi sasa hivi. Mwambie neno moja, lilelile kila siku, kisha ulitimize."

Basi Nakunda akaanza. Akatandika ile kanga kuukuu yenye harufu yake karibu na chungu cha Kuku. Akachukua kigae kikubwa, akakipaka uji mzito, akaukausha motoni mpaka ukawa ukoko. Akamwekea mbwa. Ukoko ule haukuliwa kwa pupa, ulirambwa polepole.

Akasema, "Natoka, narudi." Akatoka. Akahesabu moja, mbili, tatu. Akarudi. Hakupiga vigelegele, hakumkumbatia. Akaketi akafinyanga kama kawaida.

Mbwa akashangaa. "Umerudi?"

"Nilisema nini?"

Akatoka tena, akarudi. Akatoka tena, akarudi. Siku ile alivuka kizingiti mara thelathini, mpaka Mbuzi akauliza, "Huyu mama amepoteza nini?"

Siku nyingine akafika penye banda la kuni. Siku nyingine akafika kisimani. Na mbwa akajifunza wimbo. Nakunda akiondoka, mbwa aliulaza mdomo wake juu ya kanga, akaimba kwa sauti ya chini ya kwake mwenyewe. Imbeni nami:

Ametoka, atarudi,
kanga yake iko hapa.
Ametoka, atarudi,
ukoko bado naramba.

Siku ya kumi na mbili Nakunda akafika bondeni kwenye udongo. Kimya! Furaha ikampanda. Akawakuta wenzake, wakamsimulia habari za harusi ya ng'ambo ya mto, nani kala nini, nani kanuna. Jua likapinda. Ndipo akasikia kutoka mlimani:

Uuuuuuu!

Akapanda mbio, kikapu kichwani, udongo ukimwagika. Akakuta vyungu viwili chini, na mbwa amejikunja nyuma ya mtungi.

"We, nisamehe. Niliongeza moto."

Mbwa akachungulia kutoka nyuma ya mtungi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nikivunja tena utaniitaje?"

Nakunda akafungua mdomo. Jina lilikuwa pale pale chini ya ulimi, limechoka kukaa. Akaufunga.

"Bado," akasema, na neno lile likamchoma mwenyewe.

Kuku akadakia kutoka chunguni, "Mnaongea sana. Rudi kizingitini, mama. Anza moja."

Akarudi kizingitini. Moja, mbili, tatu. Banda la kuni. Kisimani. Bondeni, bila habari za harusi. Natoka, narudi. Natoka, narudi. Mbwa akaanza kula tena. Mbwa akaacha kumfuata chooni. Siku moja Nakunda aliporudi kutoka bondeni alimkuta amelala chali, miguu juu, anakoroma.

Ikafika siku ya ishirini na moja. Wanawake wakapanga vyungu kwenye matenga, wakajitwisha. Nakunda akatandika kanga. Akaweka kigae, na leo ukoko ulikuwa na mafuta kidogo ya mifupa. Akasema kwa sauti ileile ya kila siku:

"Natoka, narudi."

Akaenda. Jua likapanda. Akauza mtungi, akauza vyungu, na kila mara aligeuza sikio upande wa mlimani. Jua likashuka. Akajifunga kibwebwe, akatangulia wenzake wote kurudi.

Alipokaribia kijiji akatega sikio. Kimya.

Akasogea. Kimya.

Akafika penye banda la kuni. Kimya kabisa! Sasa hofu ikamshika. Au alilia mapema, wakamfukuza? Akamwona Mzee Senkondo amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wake, amefura kwa hasira.

"Mzee! Mbwa wangu yuko wapi?"

"Usiniulize habari za mbwa wako! Toka asubuhi nimekaa hapa namngoja alie. Nimekosa usingizi wa mchana kwa ajili ya kimya chake!"

Nakunda akasukuma mlango.

Mbwa alikuwa amelala juu ya kanga. Na mgongoni mwake, na kichwani mwake, na katikati ya masikio yake, walikuwa wametapakaa vifaranga kumi na mmoja, wanyevunyevu bado, wa manjano. Kuku alisimama kando akinyoosha miguu.

"Shh," akasema mbwa. "Kuna watu wamelala humu."

"Hukulia?"

"Nililia kidogo adhuhuri. Ndani ya kanga. Nani amesikia?"

"Mimi nilisikia," akasema Kuku, "lakini mimi na wewe tunajuana."

Mzee Senkondo akaingia, Mbuzi akaingiza kichwa dirishani, Paka akashuka jikoni. Nakunda akapiga magoti. Akakunja kidole, kama wanavyofanya wafinyanzi chungu kikitoka motoni, akamgonga mbwa taratibu kwenye kipaji cha uso.

Mkia wa mbwa ukapiga sakafu: ngo, ngo, ngo.

Hapo nasimama nipumue, niwaambie neno la hadithi hii. Aliyewahi kuachwa hatulizwi kwa kamba, wala kwa kumtoroka. Hutulizwa na anayesema narudi, akarudi. Leo hatua tatu, kesho kisimani, hata siku moja gulioni. Na ukivunja ahadi, usione haya kuanza tena kizingitini.

Hadithi yangu nimeitoa motoni. Igongeni, msikie kama ni nzima.

— Ngooo!

Natoka.

— Unarudi! Lakini mbwa? Mbwa aliitwa nani?

Ah, mnataka na hilo. Nakunda alimshika masikio yote mawili, na lile jina alilolificha chini ya ulimi toka usiku wa mvua akalitoa, kwa sauti kubwa, kijiji kizima kikasikia:

"Sikuachi!"